Aliyemla Mwenzake Tumboni

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo. Muuguzi wa chumba cha mashine ameniambia niwe naandika kila ninachokunywa, maana kila nikija nimevimba maji. Haya: kikombe cha chai asubuhi, mafunda matatu ya maji mchana, basi. Ukurasa umebaki mweupe na sina wa kupiga naye soga, kwa hiyo naendelea.

Mimi ni dobi. Nina chumba kimoja cha kupanga, nusu kazi, nusu kitanda. Mwaka jana figo zangu ziligoma, na tangu hapo kila Jumatatu na Alhamisi naketi kwenye kiti cha hospitali, damu inatoka kwa mrija mmoja, inapita kwenye mashine kusafishwa, inarudi kwa mrija mwingine. Dobi naye kumbe hufuliwa. Nilimwambia hivyo Dereva, mgonjwa wa kiti cha jirani, mzee aliyeendesha malori miaka mingi. Alicheka mpaka mashine yake ikapiga kelele na muuguzi akaja kutugombeza.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mashati hayakauki. Nimetandaza kamba chumbani, nalala chini ya suruali za watu.

Jumapili, 10 Machi

Njiti amepiga simu, kama kila Jumapili. Ni pacha wangu. Anaishi mji mwingine na mkewe, watoto wao wawili, na Mama yetu. Mkewe ni mjamzito tena.

"Hujambo, Bonge?"

"Sijambo."

"Na presha?"

"Ipo, inakusalimu."

Huko kwao wanajua nina presha tu. La figo sijamwambia mtu wa damu yangu hata mmoja. Nikiwaambia watauliza tiba ni nini, na tiba ni mashine mpaka nife, au figo ya ndugu. Ndugu ninaye mmoja, na huyo siwezi kumwomba.

Niandike sababu, hapa hakuna wa kucheka. Utotoni mimi nilikuwa mnene wa kusifiwa barabarani, mashavu kama maandazi, naye mwembamba, ndiyo maana wakamwita Njiti. Kila aliyetuona pamoja alisema neno lile lile: "Huyu dada kamla mwenzake tumboni." Watu wanacheka, Mama anacheka. Kwenye harusi ya Njiti mshereheshaji alilisema kwenye kipaza sauti na ukumbi mzima ukanigeukia. Nikacheka nao, nina mazoezi. Lakini jambo ukiambiwa tangu hujaota meno, hata likiwa utani, unalimeza. Mpaka leo tukila pamoja namwachia Njiti kipande kikubwa, na sijawahi kumwambia kwa nini.

Dereva aliwahi kuniuliza, "Huna ndugu wa kukupa figo wewe? Damu nzito kuliko maji."

Nikamjibu ninaye, ila nilishamla.

Alhamisi, 14 Machi

Leo daktari wa figo ameketi kando ya kiti changu, jambo ambalo hufanya tu akiwa na habari mbaya au udadisi. Leo ulikuwa udadisi. Amesema picha za ultrasaundi zinaonyesha figo zangu ni ndogo kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu wa umbo langu, na hawajapata sababu. Kisukari sina. Maradhi ya kurithi hawajayaona.

"Ulizaliwa na uzito gani?" akauliza.

"Mkubwa, daktari. Sisi ni pacha. Nilimla mwenzangu tumboni."

Hakucheka. Ni kijana, ana kawaida ya kushika kalamu bila kuandika. Akanieleza kwamba ndani ya figo kuna vichujio vidogo vidogo visivyohesabika, na mtoto akishazaliwa kwa wakati wake haongezewi kingine. Alivyokuja navyo ndivyo atakavyozeeka navyo. Aliyezaliwa mdogo sana mara nyingi huja na vichache. Kisha akinenepeshwa haraka haraka utotoni, vichache vile hubebeshwa mwili mkubwa. Vinafanya kazi usiku na mchana, presha inapanda, vinachoka. Si kila aliyezaliwa mdogo huugua, akasema, wengi wanazeeka salama. Lakini mzigo wao ni mzito zaidi.

"Na aliyezaliwa mdogo anaweza kutoa figo?" Swali lilinitoka lenyewe.

"Tunasita sana. Vichujio vyake huenda havitoshi hata yeye."

Basi. Nilidhani mlango ulikuwa na kufuli moja, kumbe ni mbili. Njiti nilimla tumboni, na kwa kuwa nilimla, hana cha kunipa.

"Muulize mama yako vizuri," daktari akasema akiinuka. "Figo zako na hadithi yako hazipatani."

Ijumaa, 15 Machi

Sijamuuliza.

Jumatatu, 18 Machi

Nimekunywa maji mengi jana, leo mashine imeniadhibu. Nje maji yanatiririka barazani, yanadondoka darini, nguo zote zinachuruzika maji, na mimi nina chupa moja ndogo ya siku nzima. Mwenye mzaha huu ana kipaji.

Jumamosi, 23 Machi

Fundi viatu, ambaye anashonea chini ya upenu wa chumba changu, amekichukua kiatu changu bila kuombwa. Akatoboa tundu jipya kwenye ukanda, mbali kabisa, karibu na mwisho.

"Mguu umekua, Mama Dobi," akasema.

"Nanenepa kwa raha."

"Mficha maradhi, kilio humfichua." Akaendelea kupiga nyundo. Hakudai kitu. Niliingia ndani nikaketi kati ya mashuka ya watu na kulia, kwa sababu mtu ameona mguu wangu.

Jumapili, 24 Machi

"Hujambo, Bonge?"

"Sijambo."

Alhamisi, 28 Machi

Kiti cha Dereva kina mtu mwingine, msichana mwenye vidubwasha vya muziki masikioni. Nikamwuliza muuguzi kwa macho. Muuguzi akatabasamu: mpwa wa mkewe amempa figo, wamemaliza juzi, anaendelea vizuri.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu inapasa kuandikwa. Ukweli ni kwamba nimekasirika siku nzima. Ameondoka bila kuniaga, na mpwa wa mkewe si hata damu yake. Nimeunguza kola ya shati la mtu.

Jumapili, 7 Aprili

Mke wa Njiti amejifungua jana. Mtoto wa kike, mdogo sana. Njiti alikuwa anaongea kwa sauti ya mtu aliyebeba yai. Anapumua mwenyewe, ananyonya, lakini ni mdogo. Nikamwambia atakua tu. Nilipokata simu nikawaza vichujio vyake.

Jumapili, 14 Aprili

Leo Njiti alimpa Mama simu. Mama ana furaha ya mtu aliyerudishiwa kazi yake ya ujana.

"Kadogo, mwanangu! Kadogo kama ulivyokuwa wewe. Lakini wala sina wasiwasi. Wewe nilikunenepesha, na haka nitakanenepesha."

"Kama mimi, Mama? Si Njiti ndiye aliyekuwa mdogo?"

Mvua ilikuwa inapiga bati langu, na kwake nilisikia mtoto akipiga chafya, chafya ndogo kama ya paka.

"Mtandao mbaya huu," Mama akasema, na simu ikakatika.

Mtandao unaoleta chafya ya mtoto mchanga si mbaya.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwambia daktari: huenda ni mimi niliyekuwa mdogo. Akashusha kalamu.

"Hapo sasa figo zako na wewe mnasema lugha moja."

Nikamuuliza mtoto kama huyo wa kaka yangu alelewe vipi. Akasema maziwa ya mama, kliniki bila kukosa, na akue kwa mwendo wake. "Asinyimwe. Mdogo anahitaji kukua. Lakini asijazwe kama gunia."

Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu. Miaka yote hiyo nimemwachia mtu kipande kikubwa cha kuku kwa kosa ambalo sikulifanya. Nilitaka kufurahi. Lakini ukishazoea kubeba mzigo, ukitolewa unayumba. Na ile kufuli ya pili nayo imefunguka yenyewe: kama mimi ndiye mdogo, basi Njiti alizaliwa mkubwa, na anaweza kuulizwa. Sasa sina tena kisingizio cha kutomwomba isipokuwa woga.

Jumapili, 21 Aprili

Njiti analalamika. Mama ameanza kumpa mtoto uji wenye sukari kwa kijiko, na mtoto hata mwezi hajatimiza. Mkewe amenuna, Mama amenuna, yeye amesimama katikati kama nguzo ya umeme.

"Mwambie aache," nikasema.

"Mwambie wewe. Mimi ananiambia nilikuwa nalia tu pembeni, nitajua nini habari za kulea. Anasema ndivyo alivyokutoa wewe mikononi mwa kifo."

"Nitampigia."

Sikumpigia. Ningemwambia acha, angeuliza kwa nini, na jibu la kwa nini ni mimi mwenyewe, na mirija yangu yote.

Jumapili, 28 Aprili

"Hujambo, Bonge?"

"Sijambo. Uji?"

"Mara tatu kwa siku. Mtoto anaharisha kidogo. Mama anasema ni tumbo linajifunza."

Leo nilikuwa nimeapa kumwambia. Nimefungua kinywa nikaulizia mvua ya kwao.

Alhamisi, 2 Mei

Nimemwomba muuguzi ruhusa ya kusafiri kati ya mashine na mashine. Amenipa na orodha ndefu ya nisivyopaswa kula, na kunywa, na kubeba. Fundi viatu ameninunulia tikiti ya basi, kisha akakataa katakata kwamba ni yeye.

Jumapili, 5 Mei

Naandika ndani ya basi la kurudi, limekwama kwenye foleni ya magari mbele ya daraja lililofurika. Niandike yote kabla hayajapoa.

Nilifika kwao jana mchana. Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki sebuleni, mtoto amemlaza mapajani, bakuli mkononi, kijiko hewani. Mke wa Njiti alinipokea mfuko akasimama mlangoni mwa jikoni kama mtu anayesubiri hukumu. Mtoto ana paji la uso la Njiti na miguu myembamba yenye mikunjo ya ziada, mfano wa suruali iliyonunuliwa kubwa ili aje aikulie.

"Karibu, mwanangu. Umepungua!" Mama akasema. "Ngoja nimalize kumlisha huyu, nianze na wewe."

"Mama, weka kijiko chini."

"Hee. Salamu gani hizo?"

"Shikamoo, Mama. Weka kijiko chini."

Sijawahi kumwambia Mama hivyo. Akakiweka. Nikapandisha mkono wa blauzi nikamwonyesha mkono wangu, pale mshipa ulipovimba kwa ajili ya sindano. Nikamwambia figo zimekufa tangu mwaka jana. Nikamweleza mashine. Kisha nikamweleza vichujio, kama nilivyoelezwa: aliyezaliwa mdogo, akajazwa upesi, akabebeshwa mwili ambao figo zake hazikushonewa.

Mama hakulia. Alipapasa ule mshipa kwa kidole kimoja, akausikia unavyotetema, akaondoa kidole haraka.

"Mimi ndiye niliyekuua," akasema.

"Sijafa. Na hujui kwamba ni wewe, hata daktari hajui kwa yakini. Nataka kujua kitu kimoja tu. Kwa nini uliwaacha waseme nilimla mwenzangu?"

Akamweka mtoto begani. Akampigapiga mgongo na kuangalia ukuta.

"Soksi ya baba yako ndiyo iliyokuwa sweta lako," akasema. "Nilitoboa matundu mawili, mikono ikapita. Shangazi zako walikuja kukuona, wakacheka wakiwa hapo hapo kitandani kwangu. Wakasema nimezaa mtoto na panya. Wakasema nisikupe jina kwanza, jina litapotea bure. Nikaapa mtoto huyu ataonekana. Nilikulisha mpaka ulipotapika, nikakulisha tena. Chakula kilikuwa cha mtoto mmoja na nusu, mwanangu. Ile moja nikakupa wewe."

"Na Njiti?"

"Alikuwa na nguvu zake. Nilimpunja. Tulipohamia mtaa mpya, ulikuwa umenona hivi. Jirani mmoja akakushika shavu akasema, huyu kamla mwenzake tumboni. Nilijua ni uongo. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kunisifu kwa ajili yako. Ningewakataliaje?"

Nilitaka kumkasirikia. Niliona tu kitanda, shangazi zangu wamesimama, na msichana wa miaka ishirini ameshika soksi.

Ndipo nikaona Njiti yuko mlangoni, mwavuli unachuruzika sakafuni. Sijui alisimama hapo tangu lini, ila alikuwa amesikia ya kutosha.

"Nilijua sahani yangu ni ndogo, Mama," akasema. "Nilidhani ni kwa sababu unampenda yeye zaidi."

Nikaona nisiposema sasa sitasema tena maishani, nitarudi kwenye kiti changu nijibu sijambo kila Jumapili mpaka siku simu isipopokelewa.

"Njiti," nikasema. "Kuna tiba mbili. Moja ni mashine. Nyingine ni figo ya ndugu. Niliapa sitakuomba, nikidhani nilikula haki yako tumboni. Sikuila tumboni, kumbe niliila mezani. Lakini nakuomba."

Akamtazama mtoto wake. Akamtazama mkewe. Akaufungua mwavuli humo humo ndani, akatoka.

Hakurudi mpaka nilipolala. Asubuhi alikuwa ameshakwenda kazini, Jumapili yote hii. Mkewe alinisindikiza hadi kituoni bila kumtaja, akanishika mkono kuvuka dimbwi. Mama alibaki mlangoni. Lile bakuli nililiona limefunikwa juu ya kabati.

Foleni imesogea.

Alhamisi, 9 Mei

Mashine. Msichana wa kiti cha jirani ametoa kidubwasha kimoja sikioni, akauliza kama inazoeleka. Nikamwambia inazoeleka. Nikaona nimemdanganya, nikamwambia hapana, lakini tutakuwa tunacheka. Akakirudisha sikioni.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua kidogo. Nimepiga pasi siku nzima. Nimewaza kwamba mtu ana haki ya kukataa. Nikawaza tena. Ana haki, ila inauma.

Jumapili, 12 Mei

Simu haikulia.

Jumatatu, 13 Mei

Leo jua limetoka tangu asubuhi, nikaanika nje kwa mara ya kwanza tangu Machi, fundi viatu akaahidi kulinda kamba zangu dhidi ya mbuzi na wezi, kwa mpangilio huo. Nikaenda kwenye mashine. Nilipomaliza, muuguzi akasema daktari ananiita chumbani kwake.

Kwenye benchi la nje ya chumba, kati ya watu wanaosubiri, alikuwepo mwanamume mwembamba mwenye viatu vya matope, amelala ameegemea ukuta, mdomo wazi. Nilimjua kwa mdomo. Nikaketi kando yake, kizunguzungu cha mashine bado kimenishika, nikangoja aamke.

"Umechelewa," akasema akijifuta uso.

"Simu haikulia jana."

"Jana nilikuwa kwenye basi. Ningekupigia ungeniambia nisije, nakujua." Akaangalia viatu vyake. "Siku ile nilitoka kwa sababu ningemwambia Mama maneno ambayo hayarudi. Nilitembea mpaka hasira ikalowa. Halafu nikazungumza na mke wangu. Hayo ndiyo yaliyochukua siku zote hizi. Anaogopa. Na mimi naogopa, nikwambie ukweli."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kupimwa. Wakinikataa, watakuwa wamekataa wao, si mimi."

Nikamuuliza habari za mtoto. Amesema ananyonya tu, kliniki wanasema anaongezeka taratibu na inatosha. Mama humbeba kutwa, mkono mwingine hajui aufanyie nini, amejikalia ameshika kijiko kikavu.

Daktari akatuita wote wawili. Akatueleza kwamba vipimo ni vingi, vitachukua wiki kadhaa, na chochote kati ya hivyo kinaweza kusema hapana. Njiti alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayepatana bei ya kitu alichokwisha kuamua kununua. Kisha daktari akamgeukia yeye, kalamu mkononi, na safari hii alikuwa tayari kuandika.

"Ulizaliwa na uzito gani?"

Njiti akanitazama. Mimi nikatazama mikono yangu, kwa mazoea ya miaka.

"Mkubwa, daktari," akasema kaka yangu. "Mimi ndiye niliyemla mwenzangu tumboni."